Korona kwenye picha kamili ya damu: tazama limfosaiti kwanza

Jumla ya chembe nyeupe za damu hupoteza watu wengi wanaposoma picha kamili ya damu, yaani kipimo cha kuhesabu chembe za damu, ya mgonjwa wa korona. Mara nyingi huwa ya kawaida, na karatasi huwekwa pembeni. Mimi, kama daktari wa maabara, huanzia kwenye mchanganuo wa chembe hizo, yaani idadi ya kila aina, nikitafuta limfosaiti, chembe nyeupe zinazopambana hasa na virusi.

Mtu mzima huwa nazo 1,000 hadi 4,000 hivi kwa kila mikrolita ya damu. Kwa wengi wanaolazwa kwa korona hushuka chini ya 1,000: nyingine huhama kutoka kwenye damu kuelekea mapafuni, nyingine hufa kinga ya mwili inapopamba moto. Wakati huohuo nyutrofili, aina nyingine ya chembe nyeupe, zinaweza kupanda na kuziba pengo, hivyo jumla haibadiliki. Eosinofili, aina nyingine tena, nazo hupungua, pengine hadi sifuri. Chembe sahani, zinazosaidia damu kuganda, hushuka kidogo tu.

Jibu moja halinitoshi. Limfosaiti zilizokuwa 800 zikifika 1,200 baada ya siku chache, napata matumaini. Zikishuka hadi 500 huku CRP, feritini na LDH (protini za damu zinazopanda kinga ikipamba moto au tishu zikiumia) zikipanda, humpigia simu daktari wa wodini bila kusubiri karatasi imfikie.

CRP ikiwa juu, watu hukimbilia antibayotiki. Tulieni kwanza: korona yenyewe huipandisha, ilhali prokalsitonini, protini inayopanda hasa kwa maambukizi ya bakteria, mara nyingi hubaki chini pasipo bakteria. D-dima, mabaki ya bonge la damu linapovunjika, nayo huashiria kuganda kwa damu, lakini hupanda pia kwa wajawazito, wazee na waliotoka kufanyiwa upasuaji. Mgonjwa akibanwa pumzi ghafla au mguu mmoja ukivimba, hapo apigwe picha ya kutafuta bonge la damu.

Kuna mtego mwingine. Mwaka 2020 utafiti wa RECOVERY nchini Uingereza ulionyesha kwamba deksamethasoni, dawa ya steroidi inayotuliza kinga ya mwili, hupunguza vifo kwa wagonjwa wa korona wanaohitaji oksijeni. Ni dawa nzuri, ila yenyewe hupandisha nyutrofili na kushusha limfosaiti. Damu iliyotolewa baada ya dozi inaweza kuonyesha ugonjwa umezidi kumbe ni dawa.

Hakuna hata kimoja kati ya vipimo hivi kinachothibitisha korona. Hiyo ni kazi ya PCR, kipimo kinachotafuta vinasaba vya kirusi, au kipimo cha antijeni, kinachotafuta protini zake. Basi, wenzangu wa wodini, kwenye fomu niandikieni siku dalili zilipoanza, na kama deksamethasoni imeshaanza, saa ya dozi ya mwisho.