Outlander: wanayosema watu na yaliyomo kitabuni

"Soma shemeji, ni mapenzi matupu." Ndivyo nilivyokabidhiwa Outlander ya Diana Gabaldon, kitabu cha kurasa zaidi ya 600, kona za jalada zimeliwa na mkoba. Nimekimaliza kwa wiki tatu, nyingi zikiwa za usiku, na sasa naona wengi wanakisifu au kukiponda kwa mambo ambayo hakina.

Kwa asiyekijua: Claire, muuguzi Mwingereza aliyehudumia majeruhi wa Vita Kuu ya Pili, yuko fungate ya pili na mumewe mjini Inverness, Uskoti. Anagusa jiwe kwenye duara la mawe ya kale, anazindukia mwaka 1743. Huko anaolewa na Jamie Fraser.

Tuanze na hayo mapenzi matupu. Mapenzi yamo, tena ya moto. Lakini ndoa yenyewe ni ujanja wa kisheria: kapteni mmoja wa jeshi la Kiingereza anamtaka Claire kwa mahojiano, na akishakuwa mke wa Mskoti haitakuwa rahisi kumchukua. Bwana harusi hajawahi kulala na mwanamke. Bibi harusi amemzidi umri na ana mume mwingine ambaye bado hajazaliwa. Hapo nilicheka peke yangu. Sikucheka Jamie alipomchapa mkewe mkanda kwa kutomtii, wala pale kapteni huyohuyo alipombaka Jamie gerezani. Kitabu nilikiweka chini siku mbili. Shemeji, hilo hukuniambia.

"Mwandishi lazima ni Mskoti." Wala. Ni Mmarekani wa Arizona, msomi wa ikolojia mwenye shahada ya uzamivu. Alianza kuiandika mwaka 1988 kama mazoezi ya kujifunza utunzi, akiwa hajakanyaga Uskoti; wazo alilipata kwa kijana mvaa kilti, ile sketi ya wanaume wa Kiskoti, katika kipindi cha zamani cha televisheni, Doctor Who, na mengine akayachimbua maktabani. Kikatoka mwaka 1991.

Dhana iliyoshika mizizi zaidi ni kwamba vita vya Culloden huko Uskoti, ambavyo kivuli chake kimelala juu ya riwaya nzima, vilikuwa vya Waskoti dhidi ya Waingereza. Vilikuwa ugomvi wa kiti cha enzi. Charles Edward Stuart, mwana mfalme aliyezaliwa Roma, alitaka kukirudisha kwa baba yake kutoka kwa ukoo wa Hanover uliokuwa ukitawala. Tarehe 16 Aprili 1746 vikosi vya Waskoti vilisimama upande wa serikali pia, na upande wa Charles walikuwemo Waayalandi, Wafaransa, hata Waingereza wachache. Mapigano hayakuchukua hata saa nzima. Wa upande wake waliouawa wanakadiriwa kuwa 1,500.

Na anayenunua kitabu hiki ili aione Culloden hataiona. Inakuja katika vitabu vinavyofuata. Humu Claire anaijua tu. Anakaa meza moja na vijana wanaotaniana na kunyang'anyana mkate, anafunga vidonda vyao, na kichwani anahesabu: imebaki miaka mitatu. Kwangu hiyo ndiyo nguvu ya riwaya, kuliko kitanda chochote.

Mawe je? Craigh na Dun, lile duara la jiwe alilogusa Claire, haipo kwenye ramani. Wapenzi wa riwaya huenda kushika mawe ya Clava, karibu na uwanja wa vita, ambayo ni makaburi ya miaka kama 4,000. Huenda pia kumlilia Jamie kwenye jiwe la ukoo wa Fraser hapo Culloden, ingawa Jamie ni mtu wa kubuni na mawe hayo ya koo yaliwekwa mwaka 1881.

Wengine huapa kwamba historia yote iliyomo ni sahihi. Sehemu kubwa ni sahihi, ila Claire na rafiki yake Geillis wanashtakiwa kwa uchawi mwaka 1743, wakati sheria ya kuwaua wachawi ilikuwa imefutwa tangu 1736. Mwanahistoria atakunja uso. Mimi nilimsamehe mwandishi, kwa sababu bila kesi ile tusingeliona lile kovu (asiyefika huko aishie hapa). Umati unapiga kelele, Geillis anajivua nguo, na Claire anaona alama ndogo ya mviringo mkononi mwa Geillis: kovu la chanjo ya ndui. Chanjo hiyo ilianza mwaka 1796.

Ilikuwa saa saba usiku. Nikajikuta napapasa bega langu, natafuta kovu langu la BCG, chanjo ya kifua kikuu.