Kuendeleza upya ardhi ya viwanda: maana yake

Chukulia gereji iliyofanya kazi Kizota, Dodoma, kwa miaka 30, kisha mwenyewe akafunga geti akaondoka. Mabati ya paa yameng'olewa moja moja, na chini pamebaki udongo mweusi ulioloa oili chafu na maji ya betri. Kulirudisha eneo la namna hiyo kwenye matumizi, liwe soko, nyumba au kiwanda kingine, ndiko kuendeleza upya ardhi ya viwanda. Si lazima uchafu uwe umethibitishwa. Sheria ya Marekani ya mwaka 2002 inahesabu hata eneo linaloshukiwa tu.

Kazi huanza kwa kuuliza: hapa palifanyika nini, na mapipa yalimwagwa wapi? Majirani wazee hujua mengi kuliko ramani. Kisha huchimbwa sampuli za udongo na maji, zikapimwa maabara. Oili huweza kuliwa na bakteria wa udongoni, mradi wapate hewa na unyevu. Kwa ukame wa Dodoma, maana yake ni kumwagilia na kugeuzageuza udongo kwa miezi mingi. Risasi, yaani metali yenye sumu iliyomo kwenye betri, haiozi kamwe. Hiyo huchimbwa ikapelekwa dampo maalumu, au hufunikwa isiguswe. Kiasi cha usafi hutegemea kinachojengwa: uwanja wa shule unadai zaidi kuliko ghala la saruji.

Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Upepo wa kiangazi huinua vumbi, na risasi iliyomo huingia vinywani mwa watoto. Tena jiji hili hunywa maji ya visima vya Makutupora. Watu wanaoishi kwa maji ya ardhini hawana ruhusa ya kupuuza kinachomwagwa juu yake.

Faida nayo ni kubwa. Yadi ya zamani ina barabara na umeme tayari, wakati kila kiwanja kipya pembezoni hula shamba la zabibu au mtama.

Nani alipe? Sheria ya Tanzania ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inaweka kanuni kwamba mchafuzi hulipa. Ila mchafuzi akishatoweka, mzigo humwangukia mnunuzi, na kwa hiyo udongo upimwe kabla ya kusaini mkataba wa mauziano.