Kurudi nyumbani kwa nchi kavu na mwili uliosahau malaria

Zamu yangu ya mwisho ilikuwa ya usiku. Asubuhi nilimkabidhi mwenzangu funguo za kabati la dawa, nikavua kitambulisho shingoni, nikatoka nje kwenye baridi ya mwezi wa pili. Nilikuwa nimefanya kazi ya uuguzi Uingereza kwa miaka 14, na 9 kati ya hiyo niliitumia katika wodi ya magonjwa ya kuambukiza. Wiki tatu baadaye nilipanda ndege kwenda Cape Town na begi moja la mgongoni. Nilishaamua kwamba Tanga nitafika kwa barabara na reli, peke yangu, bila haraka.

Tangu nifike, dada na kaka walio ng'ambo wananiuliza mambo yale yale. Viza? Nina pasipoti ya Tanzania, na kwa matembezi mafupi Afrika Kusini, Namibia na Zambia hazikunidai viza. Pesa? Niligawa sehemu tatu, nikazificha sehemu tatu. Wanaume wasumbufu? Wapo, kama walivyopo Birmingham na Kariakoo. Lakini swali ninalongoja hakuna anayeuliza, nalo ndilo ninalolijua kwa kazi na sasa kwa mwili wangu: je, malaria?

Wodini kwetu walikuwa wakiletwa watu waliotoka nyumbani siku kumi au wiki mbili nyuma. Mmoja alikwenda kuzika, mwingine kuoza binti, mwingine kusimamia ujenzi. Uingereza hupata kwa kawaida zaidi ya wagonjwa 1,000 wa malaria kwa mwaka, na wengi wao si Waingereza waliokwenda kuona tembo. Ni sisi, tuliokwenda kuwaona wazazi. Nilipowauliza kama walimeza dawa za kinga, jibu lilikuwa karibu lile lile kila mara: "Dada, mimi nimezaliwa kule." Wengine walilisema huku macho yamegeuka manjano na mkojo umekuwa mweusi kama chai ya rangi.

Ukiugua surua mara moja, basi, umemaliza. Malaria haiendi hivyo. Aliyekulia Muheza au Kilifi hujengewa uvumilivu na kuambukizwa mara kwa mara, msimu baada ya msimu. Vimelea vinaweza kuwemo kwenye damu yake naye akaendelea kulima. Mwili umejifunza kuvizuia visizidi, haukujifunza kuvifukuza kabisa. Somo hilo lisiporudiwa hufifia. Ukikaa miaka michache mahali pasipo na mbu wenye vimelea, sehemu kubwa ya uvumilivu ule huwa imekwenda, na wewe hukusikia ukiondoka. Unarudi na jina lako, lugha yako na hamu yako ya dagaa wa nazi, lakini kwa mbu wewe ni mgeni. Watoto uliowazaa huko hawakuwa na uvumilivu huo tangu mwanzo. Hata anayebeba sikoseli ya upande mmoja, ambaye kweli ana nafuu fulani dhidi ya malaria kali, hana ngao ya kumtosha kuacha dawa.

Kwa hiyo nilijiandaa kama ambavyo ningemwandaa mgonjwa. Kwanza, kabla sijafuta usajili wangu kwa daktari wa mtaani, nilichoma chanjo ambazo pale hutolewa bure, ikiwemo ya homa ya matumbo. Ya homa ya manjano nililipia katika kituo kilichoidhinishwa. Cheti chake huanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 kinakubalika maisha yote, kwa hiyo kile kijitabu cha njano usikitupe hata kama kimechakaa. Dawa za kinga ya malaria pia hulipiwa, na hapa ndipo watu hubana matumizi. Tafadhali bana kwingine. Punguza mabegi, punguza zawadi.

Jambo la pili liliniumiza moyo nilipolielewa. Matibabu ya bure ya Uingereza hayafuati kodi uliyolipa, yanafuata makazi. Siku unayohama kwa nia ya kutorudi, haki ya kulazwa bila malipo kama mkazi inakoma, hata kama umewaogesha wagonjwa wao miaka 14. Kwa hiyo bima ni lazima. Na bima nyingi za safari zimeandikwa kwa mtu anayetoka nyumbani na kurudi pale pale. Anayeondoka moja kwa moja hana safari ya kurudi, na dai lake linaweza kukataliwa kwa sababu hiyo tu. Tafuta inayosema wazi kwamba inamkubali msafiri wa kwenda bila kurudi, na uisome mpaka mwisho.

Mengine nayapitia haraka. Pensheni ya serikali ya kule inahitaji angalau miaka 10 ya michango. Kama una 8, piga hesabu kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi. Kama unaishi kwa kibali cha ukaazi usio na kikomo, ukikaa nje miaka miwili mfululizo kwa kawaida kinakufa. Na wauguzi wenzangu: usajili wa NMC, baraza la wauguzi na wakunga la kule, hufanyiwa uhakiki kila miaka mitatu kwa saa 450 za kazi na 35 za masomo, basi ondokeni mkijua mnauacha au mnaulinda.

Sasa njia yenyewe. Ramani ya malaria haifuati mipaka ya nchi, na anayesafiri kwa nchi kavu anaweza kuiona ikibadilika dirishani. Cape Town hakuna malaria. Afrika Kusini inayo katika pembe za kaskazini mashariki, ambako sikupita. Basi la kwenda Windhoek linakatiza nchi kame, na Windhoek yenyewe iko juu ya mita 1,600. Pale nilianza kumeza Malarone, dawa ya kinga ya malaria, kidonge kimoja kwa siku, kwa sababu huanzwa siku moja au mbili kabla ya kuingia eneo la mbu na huendelezwa siku 7 baada ya kutoka. Doksisaiklini nayo huanzwa vivyo hivyo, lakini huendelezwa wiki 4 baada ya kutoka. Meflokwini ni ya mara moja kwa wiki, ianzwe wiki mbili au tatu kabla, na haimfai mwenye historia ya ugonjwa wa akili au kifafa. Kutoka Windhoek hadi Katima Mulilo ni takribani kilomita 1,200, na kadiri unavyokwenda kaskazini miti inakuwa mirefu, hewa inakuwa nzito, na ukishuka Rundu usiku unazisikia zile sauti sikioni. Mwili wangu ulizitambua mara moja. Niliona raha, nikajikuta natabasamu gizani. Ndiyo maana nasema uvumilivu ukiondoka hauagi.

Nilivuka daraja la Zambezi kuingia Sesheke, upande wa Zambia, nikafika Livingstone. Pale tumbo lilinichafuka. Siku mbili sikula kitu ila chai ya rangi, na vidonge vyangu nilivimeza na chai hiyo hiyo kisha nikavitapika. Sheria naijua na nimeifundisha: Malarone hutaka chakula chenye mafuta au maziwa ili iingie mwilini, na ukitapika ndani ya saa moja unarudia. Sikurudia. Nilikuwa nimechoka, niko peke yangu chumbani, na nilijiambia siku mbili si kitu. Siku ya tatu na ya nne nilipopata nafuu niliendelea kuahirisha mpaka nile vizuri. Siku nne, katika bonde la Zambezi, mwisho wa mvua.

Wiki mbili baadaye nilikuwa New Kapiri Mposhi napanda treni ya TAZARA. Reli hii ya kilomita 1,860, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa mkopo na wahandisi wa China, ndiyo niliyoiota muda wote wa zile zamu za usiku. Vyumba vya kulala hutenganisha wanawake na wanaume, na cha daraja la kwanza kina vitanda vinne. Chetu kilikuwa na watu wawili tu: mimi, na mama mmoja wa Makambako aliyekuwa akitoka kumtazama binti yake Kitwe. Tulikula karanga zake, tukaongea hadi giza likaingia.

Usiku nilianza kusikia baridi. Nikajiambia ni nyanda za juu. Viungo vikauma, nikajiambia ni kitanda. Kichwa kikagonga, nikajiambia sijanywa maji. Nataka usome sentensi hizo tatu tena, kwa sababu aliyezisema ni muuguzi wa magonjwa ya kuambukiza. Kila dalili niliipatia sababu yake ndogo, na hapakuwa na mtu wa kuzijumlisha.

Aliyejumlisha ni yule mama. Alfajiri aliwasha tochi ya simu, akanishika paji la uso.

"Mwanangu, wewe unaumwa."

"Hapana mama, ni baridi ya huku."

"Baridi gani? Blanketi langu unalo, la kwako unalo, na meno bado yanagongana."

Baadaye aliniambia kwamba usiku ule nilikuwa nimemjibu mara mbili kwa Kiingereza, na kwamba hilo ndilo lililomtisha kuliko joto. Alikuwa sahihi kutishika. Vimelea vya aina ya falciparum, ambavyo ndivyo vinavyotawala kwetu Afrika, huzifanya chembe nyekundu za damu zinate kwenye mishipa midogo, hata ile ya ubongo. Kuchanganyikiwa, kusinzia kupita kiasi, kusema ovyo: hizo ni dalili za hatari, na mwenye nazo ndiye wa mwisho kujua. Wodini mgonjwa huletwa na mke, na mke anasema "tangu jana hayuko sawa". Msafiri wa peke yake hana wa kuisema sentensi hiyo.

Nilikuwa na utaratibu wangu. Kila jioni nilimtumia dada yangu ujumbe wa neno moja, na mfukoni nilibeba kadi yenye kundi langu la damu, dawa ninazotumia, tarehe nilizoingia maeneo ya malaria na namba zake. Ulinifaa katika miji. Njiani usiku mtandao ulipotea, na dada asingeshtuka hadi jioni iliyofuata. Malaria kali haisubiri jioni iliyofuata. Kwa hiyo utaratibu wangu sasa umeongezeka: ukianza kusikia vibaya, mwambie mtu aliye karibu nawe, kwa lugha anayoielewa, neno kwa neno: "Nahisi homa. Nilikuwa kwenye mbu. Ukiona nasema ovyo, nishushe nipelekwe hospitali." Utaona haya. Mwambie hivyo hivyo.

Mama alimpigia mtoto wa dada yake anayeendesha bajaji Mbeya. Mchana tulipofika, kijana alikuwa kituoni ananisubiri, akanibebea begi kana kwamba tumelelewa pamoja. Kwenye kituo cha afya walinitoboa kidole, na kipimo cha haraka kikatoa mistari miwili: malaria ipo. Nilikuwa bado nakunywa bila kutapika na nimesharudi kwenye fahamu zangu, kwa hiyo nilipewa dawa mseto ya kumeza: dozi sita kwa siku tatu, ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni, kila mara na chakula chenye mafuta. Nilizimeza na maziwa ya mgando ya Mbeya. Niliwaeleza pia kwamba nimekuwa nikitumia Malarone, kwa sababu anayeugua akiwa kwenye dawa fulani ya kinga hatibiwi kwa dawa hiyo hiyo. Ningekuwa natapika au nimezidiwa, ingekuwa sindano ya artesunate na kulazwa.

Kipimo kingetoa mstari mmoja, bado nisingepanda treni. Vimelea vikiwa vichache huweza kufichika, na homa isiyoeleweka hupimwa tena kesho na keshokutwa. Na kama safari yako inaishia Ulaya badala ya Tanga, homa yoyote ndani ya miezi mitatu, hata mwaka, baada ya kutoka eneo la malaria, neno la kwanza kwa daktari liwe: nimetoka Afrika, nipime malaria. Usingoje akuulize. Nimewaona walioulizwa wakiwa wameshachelewa.

Nilikaa Mbeya siku tano katika nyumba ya wageni, nikiangalia mawingu yakishuka mlimani Loleza. Mama alipiga simu kila asubuhi kutoka Makambako akinitaka niseme nimekula nini. Kisha nikapanda treni iliyofuata, nikalala usingizi mzima hadi Mlimba.

Sasa nakaa Tanga, na sitameza vidonge vya kinga maisha yangu yote; wakazi kwa kawaida hawafanyi hivyo. Nalala ndani ya chandarua chenye dawa, nimeweka nyavu madirishani, na jioni nafunga mlango wa nyuma mapema. Mwezi uliopita nilisikia joto usiku. Saa moja asubuhi nilikuwa kwenye benchi la zahanati, wa tatu kwenye foleni, na mdogo wangu kando yangu ameshika kadi. Mstari mmoja. Kesho yake tulirudi kupima tena.