"Nani kamharibu mwanangu?" Dhana potofu kuhusu wasiojua kama Mungu yupo

Mzazi akishaketi mbele yangu na kuweka mkoba mapajani, najua kinachofuata. "Daktari, nani kamharibu mwanangu?" Mimi ni mshauri nasaha, si daktari, ila hilo nimeshaacha kulisahihisha. Siwezi kuliachia hilo "nani". Kijana kasema mezani kwamba yeye ni agnostiki, kwamba hajui kama Mungu yupo na haoni njia ya kujua, basi nyumba nzima inaanza kutafuta mtuhumiwa.

Dhana: Ameumizwa au amefiwa, sasa kamkasirikia Mungu

Hii ndiyo inayonichosha kuliko zote, na inadumu kwa sababu inamfaa kila mtu. Mzazi anapata kidonda cha kutibu, mchungaji anapata kazi, jamaa wanapata maelezo ya kupeana kwenye simu. Baba akifariki na mtoto akaacha kwenda kanisani mwaka huohuo, kesi imefungwa. Tunaitwa mmoja baada ya mwingine kuja kutuliza huzuni, na kijana anahojiwa kuhusu msiba wakati yeye alikuwa na hoja.

Tumtazame aliyelibuni jina lenyewe, Mwingereza Thomas Henry Huxley. Septemba 1860 mwanawe wa kwanza, Noel, alikufa kwa homa nyekundu kabla hajatimiza miaka minne. Rafiki yake Charles Kingsley, kasisi, alimwandikia barua ya pole yenye matumaini ya uzima wa milele. Huxley alimjibu tarehe 23 mwezi huohuo. Alisema hakani kwamba mtu anaishi baada ya kufa, wala hathibitishi. Haoni sababu ya kuamini, na hana njia ya kukanusha. Alisema pia kwamba misingi ya imani yake alikuwa ameichunguza, na hata kama angepoteza mke, mtoto, jina na sifa, hatasema uongo. Pale kaburini mhubiri alisoma maneno ya Paulo, kwamba kama wafu hawafufuliwi, na tule, na tunywe, maana kesho tutakufa. Yalimchukiza mno. Alimwandikia Kingsley kwamba hata nyani akiuawa mtoto wake huomboleza, hakimbilii karamu.

Maana yake msiba ulimkuta mtu ambaye tayari alikuwa na msimamo, tena ukampa kila sababu ya kuuacha. Jina la agnostiki alilibuni miaka tisa baadaye, 1869.

Charles Darwin naye husimuliwa vivyo hivyo. Binti yake Annie alikufa mwaka 1851 akiwa na miaka kumi, na wapo waandishi wa maisha yake wanaosema hapo ndipo imani yake ilipokatika. Yeye mwenyewe aliandika kwamba kutoamini kulimjia polepole sana, hata hakusikia uchungu, na sababu alizozitaja zilihusu miujiza, historia ya Agano la Kale na madai ya dini nyingine. Mwaka 1879, akimjibu mtu aliyemuuliza kwa barua, alisema kwamba kwa jumla, ingawa si siku zote, agnostiki ndilo jina linalomfaa zaidi.

Sikatai kwamba wapo walioumizwa. Nimewasikiliza wengi, wakiwemo waliotapeliwa mahari na mzee wa kanisa. Lakini aliyemkasirikia Mungu bado anazungumza naye. Ayubu alilalamika sura baada ya sura na hakuna aliyemwita agnostiki. Mtu wa aina hiyo mara nyingi huhama kanisa, au husali kwa siri huku akitukana. Agnostiki hana hakika kama yupo wa kumkasirikia. Hizo ni hali mbili, na ukiitibu moja kwa dawa ya nyingine unampoteza mteja na mtoto pia.

Ninachokisikia vikaoni, nikinyamaza vya kutosha, ni kitu kidogo kuliko kidonda, lakini kirefu zaidi. Dada mmoja alikuwa akifundisha shule ya Jumapili. Mtoto akamuuliza: waliokufa kabla habari za Yesu hazijafika huku kwetu, wako wapi? Akamjibu kwa sentensi ileile aliyojibiwa yeye utotoni, neno kwa neno, na alipokuwa bado anaisema akagundua kwamba haiamini, wala hakuwahi kuiamini. Aliendelea kufundisha muda mrefu baada ya hapo. Hakuna aliyekufa, hakuna aliyemkosea. Alikuwa na swali la siku nyingi ambalo kila alipoliuliza aliambiwa ni la shetani, mwishowe akaacha kuuliza. Wazazi hudhani alipoacha kuuliza ndipo alipotulia!

Hata takwimu za Marekani, ambako jambo hili limechunguzwa sana, hazielekei kwenye kidonda. Mwaka 2018 shirika la utafiti la Pew lilitoa matokeo ya kuwauliza watu wasiojihesabu kuwa na dini sababu zao. Hao si maagnostiki peke yao, lakini maagnostiki wamo. Asilimia 60 walisema kutilia shaka mafundisho ya dini ni sababu muhimu sana. Asilimia 49 walitaja misimamo ya makanisa katika mambo ya jamii na siasa.

Kwa hiyo ushauri wangu, ambao wanaonijua wamechoka kuusikia: badala ya "nani kakufanya hivi", muulize "ni swali gani lililokuwa la kwanza, na ulimuuliza nani?" Kisha ufunge mdomo. Usijibu siku hiyo. Wengi hawawezi, dakika ya pili wameshafungua Biblia au wameshampigia ustadhi.

Dhana: Hajui maandiko, akisoma atarudi

Mwaka 2010 Pew hao hao waliwapa Wamarekani maswali 32 ya maarifa ya dini. Wakana Mungu na maagnostiki ndio walioongoza kwa wastani, 20.9, na wastani wa wote ulikuwa 16. Kabla ya kumnunulia kijana kitabu, hakikisha hajakimaliza.

Dhana: Ni ugonjwa wa Wazungu na vyuo vikuu

Mwanafalsafa Protagora wa Ugiriki alisema kuhusu miungu kwamba hawezi kujua kama wapo au hawapo, karne ya tano kabla ya Kristo. Rigveda, maandiko ya kale ya Kihindu ya India, ina utenzi wa uumbaji unaomalizikia kwenye wasiwasi kwamba hata aliye juu mbinguni huenda hajui dunia ilitoka wapi. Imamu Ghazali, mwanachuoni mkubwa wa Kiislamu, ameeleza mwenyewe miezi karibu miwili ya shaka kali, na hakuna anayemwita mgonjwa wa Kizungu. Yeye alitoka kwenye shaka kwa yakini, wengine hawatoki. Hapa Kenya sensa ya 2019 iliwahesabu watu 755,750 wasio na dini, na si wote waliofika chuo. Tanzania haijauliza swali la dini kwenye sensa tangu 1967, kwa hiyo anayekutajia idadi ya huko anakisia.

Dhana: Bila dini hana maadili, na mahakamani hawezi hata kuapa

La pili ni rahisi: sheria ya Kenya inaruhusu kuthibitisha badala ya kula kiapo. La kwanza, mwangalie mtoto wako. Juzi alikuwa na heshima, leo kasema "sijui", na bado anamwogesha bibi yake.

Dhana: Akioa itamtoka

Wengine hurudi, hasa watoto wakizaliwa. Wengine huingia kanisani siku ya harusi ili mama asilie, kisha maisha yanaendelea kama zamani. Wengine hawarudi kabisa. Anayenitaka nimtajie mwaka wa kurudi, huwa namrudishia ada yake ya kikao.