Tezi Ndogo Si Lazima Iwe Safi

Ndugu wa mgonjwa huniuliza hapa maabara Mbeya: "Daktari, picha ya CT imesema tezi za limfu za mama hazijavimba. Mbona ripoti yako inasema saratani imeshatoka kwenye kizazi?"

CT hupima ukubwa. Tezi ya limfu ya nyonga isiyofika takribani sentimita 1 kwa upana huhesabiwa ya kawaida, na seli za saratani ya utando wa ndani wa kizazi zinaweza kujificha kwenye tezi yenye ukubwa wa haragwe bila kuivimbisha. Hata mpasuaji akiipapasa, haimwambii kitu.

Kinachozifichua ni kisu changu. Kwa kawaida tezi hupasuliwa katikati, huzamishwa kwenye nta, kisha hukatwa utando mwembamba wa mikroni 4 hivi (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ukapakwa rangi na kusomwa kwa hadubini. Piga hesabu: tezi ya milimita 10 ingetoa tando 2,500. Mimi nimesoma mmoja, pengine mbili! Nikiandika "hakuna saratani", nazungumzia pale nilipokata.

Kwa hiyo tezi ikatwe vipande vya milimita 2, vyote vichakatwe. Hilo halihitaji mashine, na sioni sababu ya kuliacha. Wenye uwezo huongeza tando kutoka tabaka za ndani zaidi na rangi ya kingamwili inayozigeuza seli za saratani kuwa kahawia. Kundi la seli lisilozidi milimita 0.2 halibadilishi hatua ya ugonjwa. Likizidi hapo, hatua ni ya tatu, na mwongozo wa FIGO (shirikisho la kimataifa la madaktari wa magonjwa ya wanawake na uzazi) wa 2023 unatenganisha lililo chini na lililo juu ya milimita 2.

Ukataji huo wa kina hufanyiwa hasa tezi mlinzi, yaani ya kwanza kupokea limfu, majimaji yanayotiririka kutoka kwenye kizazi. Mpasuaji huifuata kwa rangi ya kijani iliyodungwa mlango wa kizazi, akitumia kamera maalumu. Utafiti wa FIRES wa Marekani, 2017, ulionyesha kuwa ikipatikana, hunasa takribani 97 kati ya 100 ya walioenewa. Mama haondolewi tezi zote za nyonga, na hatari ya miguu kuvimba maisha yote hupungua.

Lakini yote haya hufia kwenye kopo. Kizazi kilichotolewa kikisafirishwa kwa basi kutoka Makete kimebanwa kwenye kichupa, katikati hufika kimeoza, na hakuna rangi itakayokifufua. Wenzangu wa wilayani: kopo la mdomo mpana, kizazi kipasuliwe, formalini, dawa ya kuzuia nyama isioze, iwe mara 10 ya ujazo wa nyama. Tezi ziwe na makopo yake, ya kulia mbali, ya kushoto mbali.