Maudhui na Muundo wa Fumbo la Maneno

Fumbo la maneno, lile la visanduku vyeupe na vyeusi linalojazwa kwenda kulia na kwenda chini, hupimwa kwa mambo mawili. Maudhui ni wazo moja linaloyaunganisha majibu yake makuu. Muundo ni jinsi majibu yote yanavyopangwa na kukatana ndani ya mraba. Fumbo la Arthur Wynne lililotoka katika New York World tarehe 21 Desemba 1913, ambalo ndilo huhesabiwa kuwa la kwanza, lilikuwa na umbo la almasi, na kanuni nyingi zinazofuatwa leo ziliwekwa baadaye.

Tuseme mtunzi wa Lamu ameandaa mafumbo mawili. La kwanza lina FOROMALI, MLINGOTI, USUKANI, TANGA na NANGA, vitu ambavyo mafundi wa majahazi wa Matondoni hawahitaji kuelezwa. La pili lina KALAMU, MANDAZI, SHELABELA na FAZAA. Anayejaza lile la kwanza hutambua maudhui mara tu apatapo jibu la pili, na baada ya hapo hana jipya la kugundua. Anayejaza la pili huona maneno yasiyohusiana kwa lolote, hadi atakapobaini kuwa ndani ya kila neno mmefichwa mahali pa visiwa vyetu: Lamu, Manda, Shela na Faza. Kwa maudhui, fumbo hili ni bora kwa mbali, ingawa mkaguzi mkali atauliza kwa nini Lamu imekaa mwishoni mwa neno lake ilhali majina mengine matatu yametangulia.

Kwa muundo, hukumu inageuka. Kanuni inataka mraba ukigeuzwa juu chini, mpangilio wa visanduku vyeusi usibadilike, na kwa hiyo jibu kuu lililo juu huhitaji mwenzi wa urefu uleule upande wa chini. FOROMALI na MLINGOTI yana herufi 8 kila moja, TANGA na NANGA 5, na USUKANI lenye herufi 7 hukaa mstari wa katikati. Katika fumbo la pili, SHELABELA laweza kukaa katikati, lakini KALAMU, MANDAZI na FAZAA yana herufi 6, 7 na 5, wala hakuna mawili yanayolingana. Mtunzi anaweza kulitafutia KALAMU mwenzi kwa kuandika WAPATE, ili kisiwa cha Pate nacho kiingie. Hiyo naiona hila tu, kwa sababu viambishi vya kitenzi vitampa mtunzi karibu umbo lolote alitakalo.

Limebaki suala la kukatana. Mtindo wa Marekani hudai kila herufi iwe katika majibu mawili, nayo yasipungue herufi 3. Mtindo wa Uingereza hutosheka na takriban nusu ya herufi. Karibu kila neno la Kiswahili huishia kwa irabu, hivyo majibu yote yanayogota ukingo wa kulia yataacha safu ya irabu tupu, na maneno ya irabu tupu, kama AUA, ni machache mno. Kwa hiyo fumbo la Kiswahili lisikatwe alama kwa kuwa na nafasi nyingi nyeusi. La kuangaliwa ni kama kila jibu limekatwa na mengine kiasi cha kumsaidia mjazaji aliyekwama.