Mvua, wingu na dishi lako

Masika yakishika Tanga, nyumbani kwetu hadithi ni ileile. Picha ya runinga inakatika vipandevipande, sauti inakwama, kioo kinabaki na maandishi tu kwamba hakuna mawimbi. Mjomba anaulizia ngazi. Ngazi hiyo ndiyo iliyonifanya niandike.

Dhana: Wingu zito ndilo linaloziba setilaiti.

Wingu peke yake halina ubavu huo. Madishi mengi ya majumbani hupokea mawimbi yenye masafa (mitetemo kwa sekunde) ya gigahezi 11 hadi 12 hivi, yaani mitetemo bilioni 11 hadi 12, na yenye urefu wa kama sentimita 2.5. Kitone cha wingu ni kidogo mno, takriban sehemu 2 za mia za milimita, na wimbi linakipita kama hakipo. Tone la mvua ni jambo jingine: moja tu la milimita 2 limebeba maji ya vitone milioni moja vya namna hiyo. Hunyonya sehemu ya nguvu ya wimbi ikageuka joto, na nyingine huitawanya pembeni.

Setilaiti iko kilomita 35,786 juu ya ikweta. Safari hiyo karibu yote wimbi hupita salama, likaja kuchoshwa kwenye kilomita 5 hivi za mwisho, ambamo mvua zetu za tropiki hunyesha. Ndiyo maana picha huweza kupotea kabla tone halijagusa bati lenu: mvua imeshaanza upande ule dishi linakotazama.

Dhana: Mvua hukata mawimbi yote.

Washa redio ya FM wakati runinga imezima, utaisikia inaendelea kutangaza. Wimbi lake lina urefu wa mita 3 hivi, tone la mvua halilisumbui. Masafa yakipanda, taabu inapanda nayo. Simu yako na mnara wenyewe huelewana vizuri tu kwenye mvua. Kinachoweza kuyumba ni kiungo cha mnara kwa mnara, ambacho mara nyingi hutumia masafa ya juu zaidi.

Dhana: Anga likiwa jeupe, hakuna kizuizi.

Hewa yenyewe hunyonya. Mvuke wa maji hufanya hivyo karibu na gigahezi 22, na oksijeni karibu na gigahezi 60, kwa ukali hasa: kwenye usawa wa bahari, kilomita moja tu ya hewa hubakiza kama asilimia 3 ya nguvu ya wimbi. Kwa kuukimbia mvuke huo, darubini ya redio ya ALMA ilijengwa kwenye jangwa la Atacama, Chile, mita 5,000 juu.

Dhana: Dishi limehama, panda ukalinyooshe.

Kama lilionyesha vizuri kabla ya mvua, na likarudi baada ya mvua, halijahama. Ukiligusa, ndipo utakapolihamisha kweli. Dishi la sentimita 90 hukusanya mara 2.25 ya lile la 60, kwa hiyo huvumilia mvua ya wastani. Gharika litalishinda pia. Juu ya paa kuna bati linaloteleza, na radi. Mjomba, ngazi iache palepale ukumbini. Mvua ikilegea, picha inarudi yenyewe.